Fundi, gari langu si bahati nasibu

Jamani, nimepotea kidogo. Wiki tatu sijaweka kitu hapa na wapo walioniandikia kuuliza kama naumwa. Siumwi. Lililokuwa linaumwa ni gari, na mimi nimegeuka muuguzi wake. Leo nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Nianze na siku yenyewe. Tulikuwa kati ya Chalinze na Morogoro, mimi nimeshika usukani, dada yangu kakaa nyuma na mwanawe wa miezi minane. Gari ni Forester XT ya 2009, injini ya lita 2 yenye tabo, gia za mkono. Tulilinunua kwa ushirika mimi na kaka yangu (yeye kaweka fungu kubwa, mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua). Mbele yetu semitrela imebeba saruji inajikongoja. Barabara imenyooka, mstari umekatika, basi linalokuja liko mbali. Nikarudisha gia hadi ya tatu, nikakanyaga mafuta. Gari likavuta vizuri sekunde mbili hivi, halafu pap! pap! pap-pap! Nguvu ikakatika kama mtu kazima swichi, ikarudi, ikakatika tena. Niko ubavuni mwa semitrela, basi haliko mbali tena, na taa ya cheki injini inanikonyeza. Nikaachia mafuta, nikakanyaga breki, nikarudi nyuma ya lori. Basi likapita linapiga honi ndefu. Dada hakusema neno mpaka Morogoro.

Sasa sikilizeni. Siku hiyo gari lilikuwa limetoka gereji ya TATU. Siku nne tu kabla ya safari niliambiwa, "Tayari bosi, hii haimisi tena."

Hesabu yangu ninayo, maana kazi imenifundisha kutunza risiti. Gereji ya kwanza: plagi mpya za iridiamu, 140,000. Gereji ya pili: pampu ya mafuta 380,000 na sensa ya oksijeni 260,000. Gereji ya tatu: koili zote nne, 640,000. Ufundi kwa ujumla 210,000. Jumla shilingi 1,630,000. Na gari linamisi vilevile. Hapana, linamisi kuliko mwanzo, maana mwanzo lilikuwa halimisi likiwa limesimama.

Majina ya gereji hizo siyataji. Sina haja ya kumharibia mtu riziki, na isitoshe tatizo ni kubwa kuliko gereji tatu. Tatizo ni huu mchezo wa kubahatisha tunaouita ufundi. Unaingiza gari, unasema linamisi. Kabla hujamaliza sentensi fundi keshajibu: plagi hizo. Hajauliza linamisi lini. Hajauliza likiwa la moto au la baridi. Hajafungua boneti! Ukimwendea daktari ukasema tumbo linauma, naye bila kukugusa akaandika upasuaji, utakimbia. Kwa fundi hatukimbii. Tunauliza, "Spea og shilingi ngapi?"

Kumisi maana yake nini hasa? Injini ya mizunguko minne kila silinda inawasha mara moja katika mizunguko miwili ya krenki. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inatakiwa kuwaka mara 50 kwa sekunde. Mara hamsini! Na kila mara inataka mambo matatu: hewa na mafuta kwa uwiano unaowaka, mgandamizo wa kutosha, na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Kikosekana kimoja, silinda hiyo inapita kapa, na mzunguko wa krenki unalegea kidogo. Kompyuta ya gari, ile mafundi wanayoita kontroboksi, inasoma kule kulegea. Ndivyo inavyojua kuna silinda imemisi. Inajua silinda haikusukuma. Kwa nini haikusukuma, haijui.

Rudieni hapo tafadhali. HAIJUI KWA NINI.

Ndiyo maana nikisikia "kompyuta imesema" damu inachemka. Kompyuta yetu kwenye gereji ya pili ilitoa namba mbili: P0300, yaani silinda zinamisi ovyo bila mpangilio, na P0171, yaani mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa. Fundi akafurahi kama kaokota pochi. Mafuta machache? Pampu imechoka! Sensa nayo tubadilishe kabisa ili usirudi rudi. Nikalipa.

Lakini nyuma ya gari kulikuwa na moshi mweusi. Mweusi wa masizi, bamba ya nyuma imechafuka mpaka unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Moshi mweusi ni mafuta mengi. Kompyuta inasema machache, bomba la moshi linasema mengi. Mashahidi wawili wanapingana, na fundi kamwamini yule mwenye skrini.

Mimi ni ripota. Nikimpelekea mhariri wangu habari yenye mashahidi wanaopingana, atanirudisha barabarani kabla sijakaa. Na majibu ya mkanganyiko ule ni rahisi, nimekuja kuyajua baadaye sana. Ile sensa iliyoko kwenye bomba la moshi inasoma oksijeni. Haisomi petroli. Silinda ikimisi, hewa yake na mafuta yake vinatoka vyote bila kuungua, na ile hewa ina oksijeni yake yote. Sensa inaiona oksijeni hiyo inapita, inapiga kelele kwamba mafuta hayatoshi. Kompyuta ni mtiifu, inaongeza mafuta. Mafuta yakizidi, masizi yanajaa kwenye plagi, gari linazidi kumisi, oksijeni inazidi kupita, mafuta yanazidi kuongezwa. Katikati ya mzunguko huo ndipo mtu ananiuzia pampu.

Halafu kuna tabo. Hili la tabo nalisema kwa vijana wenzangu wenye Subaru, Evo na Mark II zilizochezewa, maana tunapenda sana kelele na tunachukia sana vipimo. Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe. Yenye tabo inasukumiwa. Gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Mwenge, ndani ya menifodi hewa ni pungufu, karibu theluthi tu ya hewa ya nje. Ukikanyaga na busti ikafika bar 1.2, hewa humo ndani inakuwa zaidi ya mara mbili ya hewa ya nje. Linganisheni: kutoka theluthi hadi zaidi ya mbili. Ni kama mara sita au saba. Na umeme una tabia moja: hewa ikibanwa zaidi, unahitaji volti kubwa zaidi ili cheche iruke nafasi ileile ya plagi. Nafasi ikiwa pana, volti zinazohitajika zinapanda tena. Mwisho koili inashindwa na cheche hairuki.

Kwa hiyo gari linakuwa tulivu kama kondoo kwenye foleni, linatembea vizuri mjini, halafu siku unapita lori ukiwa na mtoto wa dada yako nyuma ndipo linakufa mkononi. Fundi akilisikiliza limesimama gerejini hasikii kitu. "Bosi, mbona liko poa?"

Sasa kabla mafundi hawajanijia juu, niseme upande wao. Kuna fundi mmoja, rafiki yangu tangu chuo (yeye alisomea umeme, mimi nilisomea maneno), nilimpigia kelele juu ya haya yote. Akacheka. Akaniambia, "Wewe ukija kwangu nikakwambia nitakaa saa tatu napima, nipe elfu hamsini, halafu mwisho nikuoneshe mpira uliochanika wa elfu kumi na tano, utanilipa? Utasema nimekuibia. Lakini nikikwambia koili nne laki sita na arobaini, unatoa hela, maana unaona kitu kwenye boksi."

Nilitaka kumbishia. Nikakosa la kusema. Baadaye, mlipaji mkuu wa nyumba yetu, yaani kaka, alipoambiwa kuna mzee atachukua 80,000 kwa siku nzima ya kupima bila kubadilisha hata nati, alipaza sauti mpaka jirani akachungulia: "Elfu themanini kwa kupima TU?" Mtu huyuhuyu alikuwa amelipa 640,000 za koili bila kuuliza swali moja.

Kwa hiyo na sisi tumo. Hatulipi akili, tunalipa boksi, na soko linatupa tunachokilipia. Kijana akifungua gereji leo akawa mkweli, atakula nini?

Na hatia yetu haiishii kwenye pochi. Gari hili lilitoka Japani likiwa salama. Sisi ndio tuliolichezea. Kwanza tukaweka valvu ya kutolea presha ile inayopiga pshuuu ukibadilisha gia, kwa sababu wasichana... haya, kwa sababu sisi wenyewe tunaipenda. Forester hii inapima hewa kwa sensa iliyo karibu na ea klina. Hewa ikishapita pale imehesabiwa, na mafuta yake yanaandaliwa. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa hiyo kwenye mpira wa kuingilia tabo, haipotei. Yetu inaimwaga nje. Pshuuu! Mafuta yamekuja, hewa haipo. Kila ukibadilisha gia injini inapata mafuta mengi kwa kitambo kidogo, inapiga pap, inaacha masizi. Tumelipia kumisi kwa hela yetu, na tukawaalika rafiki waje kusikiliza.

Pili, busti tukaipandisha, kwa faili la kompyuta alilopata kaka kwa mtu. Faili la gari lingine, limetengenezwa kwa petroli nyingine. Injini hii kwao inanyweshwa haioku, petroli ya daraja la juu ambayo kwenye vituo vya Japani kwa kawaida ni oktani 100. Sisi tunajaza tunachokikuta. Wakati wa cheche ukivutwa mbele kwa matumaini ya oktani 100 na ndani kuna pungufu ya hiyo, mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla ya wakati. Hiyo ni kugonga, na kugonga si kumisi, ingawa vijiweni tunavichanganya. Kumisi ni moto kutowaka. Kugonga ni moto kuwaka pasipotakiwa. Kumisi kunakuchelewesha, kugonga kunavunja pistoni. Gari moja laweza kuwa na vyote viwili, na ukitibu kimoja huku kingine kinaendelea, unamvisha maiti shati jipya.

Tatu, ile taa. Jamani, taa ya cheki injini ikiwaka tu bila kuzima, nenda kapime. Ikianza KUKONYEZA, maana yake kwenye magari mengi ni kwamba silinda zinamisi kiasi cha kuunguza masega. Petroli ghafi inaingia kwenye sailensa na kuungulia mle ndani ya masega, yanakuwa mekundu, yanayeyuka, yanaziba. Hapo unaachia mafuta na kuacha kulikamua gari. Najua gereji ambako dawa ya taa hiyo ni kuizima. Wengine wanatoa masega kabisa, wanayauza, na wewe unashukuru kwa sababu gari "linapumua".

Haya, nimwelezee mzee, maana bila yeye ningekuwa bado nanunua maboksi.

Ni fundi wa umeme wa magari, yuko chini ya mwembe, mitaa ya Ilala, hana bango. Nilimfikia kwa kuelekezwa na dereva wa teksi. Nikamwamkia, nikaanza hadithi yangu: plagi tumebadilisha, pampu tumebadilisha, koili... Akainua mkono. "Mwanangu, sijakuuliza mmebadilisha nini. Nakuuliza linamisi lini."

Akauliza maswali dakika ishirini. Likiwa la baridi au la moto? Mwanzo lilikuwa linamisi kwenye busti tu? Busti kiasi gani? Ukiwa gia ya juu mzunguko mdogo, au hata gia ya kwanza? Sasa linamisi likiwa limesimama tangu lini? Oili inapungua? Maji yanapungua? Moshi rangi gani, na saa ngapi? Mvua ilinyesha? Nilijisikia niko upande usio wangu wa mahojiano. Kila jibu aliliandika kwa kalamu nyuma ya bahasha.

Halafu akatoa plagi. Nijuavyo sasa, kwenye injini hii iliyolala hiyo si kazi ndogo: unatoa betri, unatoa tanki la maji ya vioo, unaingiza mkono ubavuni mpaka ngozi inachubuka. Nadhani ndiyo sababu mojawapo watu wanapenda kukisia. Alizipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda, moja hadi nne. Tatu zilikuwa nyeusi kavu, masizi. Ya nne ilikuwa na unyevu wa oili. Akachukua fila geji, akapima nafasi. Milimita 1.1.

"Nani kakuwekea hizi?"

Injini hii kiwandani inataka takribani milimita 0.8 au chini yake kidogo, na ukipandisha busti unapunguza, hupanui. Plagi zetu za 140,000, og kabisa, boksi zuri, zilikuwa za injini nyingine isiyo na tabo. Gereji ya kwanza ilitoa plagi zilizokuwa nzima ikaweka zilizokosea. Hakuna aliyepima. Fila geji ni vipande vya chuma vyembamba ambavyo bei yake haifiki sahani mbili za chipsi kuku. Nilimwuliza kama anaweza kuzigonga kidogo zibane. Akakataa: ncha ya iridiamu ni nyembamba, ukiigonga inavunjika na kipande kinaangukia ndani. Akanituma Gerezani na namba imeandikwa kwenye karatasi, plagi zenye nafasi sahihi na za baridi hatua moja kwa sababu ya busti yetu.

Kuhusu koili, hakutumia mashine yoyote ya ajabu. Mashine ya gereji ya tatu ilikuwa imetoa P0304, silinda ya nne inamisi, ndipo wakauza koili zote. Mzee alichukua koili ya silinda ya nne akaiweka ya pili, ya pili akaihamishia ya nne, akawasha. Kama koili ni mbovu, kumisi kunahama nayo na namba inakuwa P0302. Namba ilibaki P0304. Koili haina kosa. Kipimo hicho ni cha bure! Laki sita na arobaini, kwa jambo ambalo unalijua kwa kuhamisha vitu viwili.

Kisha akatafuta hewa inayovuja. Alikuwa na kipande cha bomba la maji la PVC, kimezibwa upande mmoja na kutobolewa, kimewekwa valvu ya tairi. Akakifunga kwenye mdomo wa kuingilia tabo, akapuliza kwa kompresa taratibu, akanipa chupa ya maji ya sabuni. "Nyunyiza kila maungio." Kwenye mpira wa kwenda intakula, upande wa chini usioonekana, sabuni ikachemka mapovu. Mpasuko wa urefu wa kidole gumba. Bila presha unajifunga wenyewe, ukiutazama huuoni. Busti ikipanda unafunguka, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoka nje, mafuta yanabaki mengi. Huo ndio moshi wetu mweusi. Ile valvu yetu ya pshuuu ilikuwa mdogo wake.

Kama ingeishia hapo ningeandika kwa furaha. Haikuishia hapo.

Alipima mgandamizo, injini ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, mimi nimekanyaga pedali mpaka chini. Silinda ya kwanza 150. Ya pili 145. Ya tatu 150. Ya nne 100. Akarudia ya nne. 100. Niliuliza, kwa ujuaji wangu wa kusoma soma, kama tumwage kijiko cha oili tupime tena, maana nilisikia hivyo ndivyo unavyojua kama ni ringi. Akatabasamu. Injini hii pistoni zimelala, oili inakaa chini haizunguki ringi yote, kipimo kitakudanganya. Badala yake akaisimamisha silinda ya nne mahali ambapo valvu zote zimefunga, akaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, tukasikiliza. Hewa ikitokea kwenye sailensa, ni valvu ya moshi. Ikitokea upande wa ea klina, valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi. Akafungua mdomo wa kujazia oili, akanivuta shati nisogeze sikio.

Ssssss.

Ringi, au pistoni yenyewe imevunjika pale ringi inapokaa. Mzee hakuwa na mengi. Akaonesha ule mstari kwenye bahasha nilipomwambia habari ya faili. "Hili limegonga muda mrefu. Na nyie mlikuwa mnabadilisha plagi."

Miezi mitatu. Ukianza na fila geji, mpira wa 15,000 na kurudisha faili la kiwandani, pengine silinda ya nne ingekuwa nzima leo. Badala yake kila fundi alibadilisha kitu, akatukabidhi ufunguo, nasi tukaenda kulikanyaga tena kuona kama limepona.

Kwa plagi sahihi na mpira mpya gari halimisi tena kwenye busti. Moshi mweusi umekwisha. Faili la kiwandani limerudi, valvu ya pshuuu iko kwenye ndoo chini ya kitanda. Likiwa limesimama bado linatetemeka kidogo, hasa asubuhi, na oili inapungua. Kufungua injini tumetajiwa milioni tatu na nusu, spea bado.

Sasa kaka anataka kuuza. Dalali keshapata mteja, kijana wa umri wangu, anafanya kazi benki, anachukua mkopo. Dalali ametushauri tuweke oili nzito na tulipashe moto kabla mteja hajafika, "siku ya kutesti halitaonesha kitu, nyie mmeshaweka plagi mpya na koili mpya, risiti mnazo". Risiti zangu! Nilizozitunza kama ushahidi wa kuibiwa, sasa ndizo ziwe ushahidi wa gari zima.

Tumegombana tangu Jumapili. Kaka anasema na sisi tuliuziwa hivyohivyo, kila mtu mjini anauziwa hivyohivyo. Mwenye hisa kubwa ni yeye. Mimi nimemwambia bei ishuke, na namba nne za mgandamizo zitajwe, 150, 145, 150, 100, kabla hela haijahesabiwa. Hajajibu.

Mteja anakuja Jumamosi saa nne. Bahasha ya mzee nimeiweka kwenye kabati la gari, mbele ya kiti cha abiria, juu ya kadi.